Nimeambiwa niache ajira niwe "konsaltanti". Soko la IT ya kujitegemea Dar likoje sa hivi?

Swali la msomaji: "Shikamoo kaka. Nina miaka 31, niko kwenye kampuni ya usambazaji hapa Posta, mwaka wa sita sasa. Mimi ndo developa, mimi ndo naangalia seva, na printa ikigoma naitwa mimi. Mshahara ni 2,000,000 kabla ya makato. Wiki iliyopita HR kaniita akasema wanaitoa IT nje ya ajira, niandike barua ya kuacha kazi halafu nisaini mkataba wa konsaltanti, ntakuwa naleta invoisi ya 2,400,000 kila mwezi. Kazi ni ileile, ofisi ileile. Nina mke na mtoto wa miaka miwili. Washkaji wananiambia chukua, utakuwa huru na utapiga dili za nje. Soko la kujitegemea likoje kweli? Nichukue?"

Marahaba mdogo wangu. Usisaini hiyo barua ya kuacha kazi. Hayo mengine tutayaongea taratibu ila hilo lishike kwanza, hata wakikwambia wenzako wa stoo wameshasaini, hata HR akikwambia ni "formaliti tu", wewe sema unaisoma na uondoke nayo.

Sasa tukae chini tupige hesabu, maana naona hiyo 2,400,000 imekung'aria. Sa hivi kwenye 2,000,000 wanakata NSSF asilimia 10, yani 200,000, inabaki 1,800,000 ndo inapigwa kodi. Kodi ya hapo ni 128,000 kwa milioni ya kwanza, halafu asilimia 30 ya hiyo 800,000 iliyozidi, jumla 368,000. Mkononi unaondoka na 1,432,000. Na kule NSSF mwajiri anaweka 200,000 nyingine juu yako, kwahiyo kila mwezi 400,000 inaenda kulala uzeeni hata kama huioni.

Ukiwa konsaltanti wanakukata kodi ya zuio asilimia 5 tu, 120,000, unapokea 2,280,000. Hapo ndo watu wanaruka ukuta kwa furaha. Tatizo ile asilimia 5 sio kodi yako, ni kishika uchumba tu. Mwaka mzima umeingiza 28,800,000. Tuseme matumizi ya kazi unayoweza kuonyesha kwa risiti (laptopu, bando, nauli, leseni, mhasibu) ni 400,000 kwa mwezi, inabaki 24,000,000 kwa mwaka ndo mapato yako ya kutozwa. Na usidhani utaingia kwenye lile jedwali la kodi ya kukadiria kwa mauzo, la wenye maduka, huduma za kitaalamu zimetolewa humo, wewe unapigwa kwa viwango vya mtu binafsi, vilevile vya mshahara. Inakuja 5,136,000. Toa zile za zuio walizokukata, 1,440,000, unadaiwa 3,696,000. Gawa kwa 12 ni 308,000 kila mwezi ambayo hukuiona inakatwa, na TRA wanaitaka kwa awamu nne kwa mwaka, Machi, Juni, Septemba na Desemba.

Kwahiyo 2,280,000 toa 308,000 toa yale matumizi 400,000, umebaki na 1,572,000. Ukitaka ule uzee wako uendelee kulala na 400,000 NSSF kama mwanzo (wanapokea wachangiaji wa hiari, unaweza), uko 1,172,000. Umeshuka laki mbili na nusu, na hapo bado hujagusa bima ya afya ya familia, hujaweka likizo. Sheria inakupa siku 28 za likizo ya malipo kwa mwaka, konsaltanti akienda kwao Kilosa wiki mbili hamna invoisi. Akiumwa malaria hamna invoisi. Mjini hapa kuna kodi za aina tatu, ya mwenye nyumba, ya TRA, na hizo kodi unazoandika kwenye kompyuta, na hiyo ya tatu ndo pekee inayoleta hela ili zile mbili zije kuichukua.

Mwajiri wako yeye faida yake anaiona. Anaacha kulipa NSSF yako, tozo ya ujuzi, mfuko wa fidia, likizo, bima, na siku akikuchoka humdai kitu. Ameongeza 400,000 na ameokoa karibu kiasi hichohicho, ndo maana ofa imekuja haraka.

Lakini kuna kitu huenda hata HR wako hakijui. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 ina kifungu, mawakili wa kazi wamekizoea kama cha 61, kinasema mtu anachukuliwa kuwa mfanyakazi, mpaka ithibitishwe vingine, kama hata kimoja tu kati ya haya kipo: namna anavyofanya kazi inaongozwa na mwingine, au saa zake zinapangwa na mwingine, au ni sehemu ya taasisi ile, au amemfanyia mtu huyo wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu iliyopita, au anamtegemea kiuchumi, au anapewa vifaa vya kazi, au anamfanyia kazi mtu mmoja tu. Kimoja tu! Wewe, kama ofisi ni ileile na kazi ileile, naona unavyo vyote saba, dawati lao, laptopu yao, saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja. Karatasi iandikwe konsaltanti, iandikwe mshauri mwelekezi, iandikwe malaika, CMA (tume ya usuluhishi wa migogoro ya kazi) wanaangalia kinachofanyika sio kilichoandikwa.

Na sio Bongo tu. Uingereza wana kitu wanaita IR35, kipo tangu 2000, na tangu Aprili 2021 kampuni za kati na kubwa za binafsi zilibebeshwa zenyewe jukumu la kuamua kama kontrakta wake ni kontrakta kweli au ni mfanyakazi aliyevaa kofia. Kilichotokea, kampuni nyingi ziliogopa zikasema hatutaki makontrakta kabisa, njoo kwa pei-roli au kaa kwenu. Kwahiyo hata kule ambako washkaji wako wanadhani ndo kwenye uhuru, vita ni hiihii.

Sasa ukiandika barua kwamba umeacha kwa hiari, umewasaidia kujitoa. Kuna kiinua mgongo cha siku saba za mshahara kwa kila mwaka uliokamilisha, wewe mitano, siku 35. Kuna notisi ya siku 28. Kuna likizo ambazo hukwenda. Wakitaka kupunguza watu kwa sababu za kiuendeshaji sheria inawataka watoe taarifa, waeleze sababu, wakae na wewe mshauriane, ndo wamalize. Hela ya likizo utaidai hata ukiacha mwenyewe, ila hayo mengine yanayeyuka ukiandika mwenyewe kwamba "naomba kuacha kazi". Na wakikuachisha kienyeji una siku 30 tu za kwenda CMA, watu wengi wanakuja kuniuliza miezi mitatu baadaye, ndugu zangu basi limeshapita Chalinze.

Haya, soko. Umeuliza likoje "kweli", ntakujibu kwa ninavyoliona mimi niliyemo tangu 2011, sio kwa yale ya kwenye semina.

Dili za nje kwanza maana ndo mnazoziota. 2020 na 2021 kweli kulikuwa na mvua, dunia nzima imefungiwa ndani, kampuni za Marekani zinaajiri yeyote anayeweza kufungua zoom na kuandika mistari miwili ya JavaScript. Halafu riba ikapanda, Meta wakatoa watu 11,000 Novemba 2022, Google wakatoa 12,000 Januari 2023, na hao wote hawakwenda kulima, wako humohumo wanagombea kazi na wewe. Kuna na jambo moja watu wa huku hawalisemi kabisa, kodi ya Marekani. Kuanzia 2022 kifungu chao cha 174 kiliwalazimisha gharama za kutengeneza softiwea wasizitoe zote mwaka huohuo, kama kazi imefanyika ndani ya Marekani wazigawe kwa miaka mitano, kama imefanyika nje wazigawe kwa miaka 15. Julai 2025 wakalegeza ya ndani, ya nje ikabaki 15. Maana yake kampuni ndogo ya Texas ikikulipa wewe wa Sinza dola 30,000, mwaka huo inaruhusiwa kuhesabu kipande kidogo tu kama gharama. Bei yako rahisi sio rahisi tena kama zamani. Hujakosea kitu wewe, hesabu imebadilika tu ng'ambo.

Ongeza ChatGPT tangu mwisho wa 2022. Zile kazi ndogondogo ambazo sisi tulianzia, nirekebishie fomu, nitengenezee kurasa tano, nihamishie data kutoka eksel, zile ndo zilikuwa ngazi ya kupandia. Ngazi imeng'olewa vipago vya chini. Ukiwa juu tayari unafaidi maana chombo hichohicho kinakufanya umalize kazi ya siku tatu kwa siku moja, ukiwa chini huna pa kukanyaga. Upwork wenyewe, lile soko la kazi la mtandaoni, kila ukiomba kazi unatumia konekti (tokeni za kununua), moja ni senti 15 za dola, na kazi moja inaweza kula konekti kumi na kitu, kwahiyo unalipa ili ukataliwe. Na ukiipata wanakata mpaka asilimia 15 siku hizi kutegemea kazi, Fiverr wanakata 20. PayPal ya huku inatuma haipokei, unazungukia Payoneer. Dola yenyewe ilipanda mpaka kwenye 2,700 halafu 2025 hiyohiyo ikarudi chini, waliokuwa wamepanga kodi ya nyumba kwa dola ya 2,700 walijuta.

Na mtandao. 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika baharini, nchi nzima ikawa inachungulia. Mwisho wa Oktoba 2025 intaneti ilizimwa siku kadhaa. Nina jamaa alikuwa na mteja wa Uholanzi, kazi ya kukabidhi ilikuwa ndani ya siku hizo, mteja kaandika barua pepe tano, za kwanza za upole, ya mwisho ya kwaheri. Jamaa kazisoma zote kwa mpigo siku mtandao uliporudi. Sisemi usifanye kazi za nje, mimi mwenyewe ninaye mteja mmoja Nairobi na mmoja Ujerumani. Nasema zisiwe ndo mpango wa kumlisha mtoto wa miaka miwili kuanzia mwezi ujao.

Pili ni hela za wafadhili, Masaki na Mikocheni huko. Hili soko watu wa nje ya fani hawajui lilikuwa kubwa kiasi gani. Mifumo ya takwimu za afya, DHIS2, mifumo ya maabara, mifumo ya wagonjwa wa kliniki, kulikuwa na makontrakta wengi sana wanalipwa kwa siku, na sehemu kubwa hela ilikuwa ya Wamarekani. Januari 2025 misaada ikasimamishwa, katikati ya mwaka USAID yenyewe ikafungwa. Kina kaka na kina dada wenye miaka kumi ya uzoefu wakarudi mtaani ndani ya wiki. Mimi nililiona kwenye bei, kazi ya kuunganisha mifumo miwili niliyokuwa naitajia milioni sita, nikakuta mtu bora kuliko mimi kaitajia mbili na nusu kwa sababu ana ada ya shule ya Januari. Hao ndo watakuwa washindani wako, sio vijana wa chuo.

Serikali ntaipitia haraka. Mifumo mikubwa siku hizi wanajenga wenyewe kupitia e-GA (mamlaka ya serikali mtandao) na timu za ndani, zama za kampuni ya watu wawili kupewa mfumo wa wizara zimepita. Zabuni zinapita NeST, mfumo wa manunuzi ya serikali wa mtandaoni, ukiwa na kampuni iliyosajiliwa unaingia mwenyewe unaomba, na asilimia 30 ya manunuzi imetengwa kwa makundi maalum wakiwemo vijana, ila ni kwa kikundi kilichosajiliwa sio wewe na TIN yako. Nyingi kwenye TEHAMA ni kuleta vifaa, kompyuta, UPS, toner, na hiyo inataka mtaji sio akili.

Sasa njoo kwenye soko ambalo lipo, na mimi ndo linanilisha. Ni biashara za kati za hapahapa mjini. Wauzaji wa jumla, maduka ya dawa, SACCOS, shule, mawakala wa forodha, hospitali ndogo. Hawa hawatafuti developa. Hilo neno hawalijui wala hawalipendi. Wanatafuta mtu wa kumpigia simu.

Ngoja nikupe kisa kimoja uone. Kuna tajiri Kariakoo anauza vyombo vya plastiki kwa jumla, risiti zake zinatoka kwa VFD, yani programu ya risiti za TRA, iliyounganishwa na mfumo wa mauzo. Siku moja ya tarehe 30, saa nne asubuhi, duka limejaa, mabaunsa wa mikokoteni wako nje wanapiga kelele, risiti hazitoki. Kila wakibonyeza mfumo unasema imekataliwa. Kijana aliyeutengeneza ule mfumo hapokei simu, alishalipwa chake zamani. Kapiga kwangu kupitia shemeji yake. Nimeingia kale kachumba nyuma ya ngazi, joto kama tanuru, kompyuta imewekwa juu ya maboksi ya ndoo, feni imefungwa kwa kamba ya katani. Nikaangalia saa kwenye kona ya skrini. Inasema ni Januari 2015. Umeme ulikatika usiku, betri ndogo ya kwenye ubao wa kompyuta ilishakufa, mashine imewaka na tarehe ya kuzaliwa kwake, risiti zinakwenda TRA na tarehe ya miaka ile, lazima zigome. Nikarekebisha saa, risiti zikaanza kutoka, nikamtuma kijana aje na betri mpya, zile za duara kama sarafu, duka la saa mtaa wa pili. Dakika kumi na tano.

Tajiri akaniuliza bei gani. Nikamwambia leo bure, ila nataka 350,000 kila mwezi uwe na namba yangu na mimi niwe na namba yako. Akacheka, akatoa. Mpaka leo mwaka wa nne. Mwezi mwingine sifanyi kitu kabisa, mwezi mwingine nashinda pale siku mbili. Hakuna hata mstari mmoja wa programu niliomwandikia mwaka wa kwanza. Wako wengi wa namna hiyo Msimbazi, Mtaa wa Kongo, Aggrey, hadi Tandika na Mbagala, mifumo wameshauziwa, wa kuitunza hawana.

Hapo ndo ninapotaka ufikiri, mdogo wangu. Wewe miaka sita unafanya nini? Unaangalia seva, unajibu simu, unajua stoo inavyofanya kazi, unajua mhasibu akifunga mwezi anahitaji ripoti gani. Unaona kama ni kazi ya kawaida, kumbe ndo bidhaa yenyewe. Wanne au watano wa 350,000 mpaka 500,000 kila mmoja, walio umbali wa daladala moja, ni biashara. Mmoja wa 2,400,000 ni bosi, ila bosi asiyekupa likizo.

Na kuna vijito vipya. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika Mei 2023 na tume yake ilizinduliwa Aprili 2024, sasa shule, kliniki, SACCOS, wote wanaokusanya taarifa za watu wanatakiwa kujisajili na kuonyesha wanazilinda vipi. Nenda kwenye kliniki yoyote ya mtaani uliza nani ana neno la siri la kompyuta ya mapokezi. Limeandikwa kwenye karatasi limebandikwa ukutani pembeni ya kalenda. Hiyo ni kazi, na haina washindani wengi maana vijana wanaona haina mvuto.

Ila ntakuwa mnafiki nisipokwambia upande wa malipo, huo ndo ugonjwa wa soko letu. Nilitengeneza mfumo wa ada kwa shule moja ya binafsi, siitaji, ilibaki 1,800,000. Nimekwenda pale mara nane. Mhasibu wao mama mmoja mstaarabu kweli, anakukaribisha, anakukatia embe na chumvi na pilipili, halafu anakwambia mkurugenzi kasafiri. Mara ya pili cheki imeandikwa ila msaini wa pili anauguliwa. Mara ya tatu shule zinafunga njoo zikifungua. Nikazoea lile embe mpaka nikawa nabeba tishu zangu. Miezi saba, ikaja vipande viwili. Sikuuzima mfumo, ingawa ningeweza, kwa sababu wazazi wangeumia na mjini kila mtu anamjua mwenzie, ukionekana mtu wa kuzima mifumo umekwisha.

Tangu hapo nina taratibu zangu, nusu mbele ndo naanza, kazi ikikatwa vipande kila kipande kina hela yake, na anayelipa kwa mwezi analipa tarehe moja sio tarehe thelathini. Bei naandika kwa shilingi, kwanza tangu Machi 2025 kanuni hazikuruhusu kumtajia mteja wa ndani bei kwa dola. Na wakikukata kodi ya zuio dai cheti chake siku hiyohiyo, bila cheti ile asilimia 5 TRA hawaioni na utailipa tena, nimeshafanya huo ujinga mwaka 2014 nikalia peke yangu.

Turudi kwako. Ningekuwa wewe ningefanya hivi. Ningewaandikia kwa barua pepe, kwa adabu, kwamba nimepokea wazo, naomba mniandikie rasmi sababu ya mabadiliko na stahiki zangu za miaka mitano. Usigombane. Ukishaomba kwa maandishi mara nyingi sauti inabadilika, wanaanza kusema aah tulikuwa tunajadili tu. Kama wanataka kweli kukutoa, wakutoe kwa utaratibu, walipe notisi, kiinua mgongo, likizo zako, wakupe cheti cha utumishi. Hiyo hela ndo mtaji wako wa miezi ya mwanzo, usiinunulie bodaboda.

Halafu baada ya hapo, ndo muongee ukonsaltanti, na hapo uwe wa kweli. Sio saa mbili mpaka kumi na moja. Siku mbili kwa wiki ofisini, zilizobaki kwa simu na mtandao, laptopu yako, wateja wengine ruksa na iandikwe hivyo, kuvunja mkataba ni notisi ya siku 60 pande zote, malipo ndani ya siku 14. Kwa siku hizo mbili mimi ningeitaja 1,500,000, na wangekubali, kwa sababu hakuna mwingine anayejua ile seva yao imefungwa na nini. Wewe unabaki na siku tatu za kutafuta wale wa 350,000. Wakisema hapana tunataka siku tano kwa 2,400,000, basi wanataka mfanyakazi, waambie bei ya mfanyakazi mnaijua. Au kama lazima iwe siku tano, isishuke 3,200,000, piga tena ile hesabu ya juu kwa namba hiyo utaona kwanini.

Kabla ya yote, Jumamosi hii au ijayo, toka. Panda gari nenda Kariakoo au hapo karibu na kwako, ingia kwenye biashara tano ambazo unamjua mtu, uliza swali moja tu, "mfumo wenu ukigoma mnampigia nani?" Usiuze chochote. Wakikwambia jina haraka, huyo ana mtu wake, achana naye. Wakiangaliana, hapo pana kazi. Ukipata wawili wanaoangaliana kati ya watano, soko la kwako lipo, utaingia hata kabla hujatoka kwenye ajira, wa kwanza mfanyie jioni na Jumapili. Angalia tu mkataba wako wa sasa hausemi kitu kuhusu kazi za pembeni.

BRELA (wasajili wa biashara) na TIN ya biashara fanya ukishapata mteja wa pili, jina la biashara linatosha kuanzia, kampuni kamili ina mambo yake ya mahesabu na huna haja nayo mwaka huu. VAT usiiwaze sana, kwa kawaida inaanza mauzo yakifika milioni 200 kwa mwaka, tutaongea ukifika.

Mke wako mwambie hesabu zote, ile 1,172,000 mwonyeshe kwenye karatasi. Wengi wanaficha wanasema nimepandishwa nalipwa mbili laki nne, halafu Septemba TRA wanabisha hodi nyumbani kunakuwa na maswali.

Huo mkataba waliokupa, futa jina lako na la kampuni, nitumie kurasa mbili tu, ile yenye saa za kazi na ile yenye kuvunja mkataba. Jibu lako wanalitaka lini? Kama wamekupa mpaka Ijumaa waambie Jumatatu.